Kunawisha Wageni

Mke wangu ndiye aliyekuwa akienda shuleni kwa ajili ya mtoto. Mimi nilishona. Hatukuwahi kukaa tukapanga hivyo. Ilitokea tu, kama mambo mengi ya ndani ya nyumba yanavyotokea.

Binti yetu alichelewa. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, akaanza kutembea wakati watoto aliozaliwa nao mtaa mmoja hapa Nkende, mjini Tarime, walishaanza kutumwa dukani. Maneno hayakuja. Alikuwa na sauti ya kutaka na sauti ya kukataa, na nyingine nyingi ambazo mama yake alizitofautisha na mimi nilizisikia kuwa ni moja. Kliniki walituambia ukuaji wake uko nyuma. Mke wangu akauliza utafika lini, nao wakasema hawawezi kusema. Tulitoka pale tukanunua ndizi, tukarudi nyumbani. Baadaye akasikia kuna shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wa namna hiyo, akampeleka. Alimbeba mgongoni hata miguu ya mtoto ilipofika kumgonga magoti.

Kisha akaugua tumbo. Kabla hatujamaliza kuzunguka na vipimo akafariki. Tulimzika nyumbani kwetu Nyambureti, karibu na nyumba ya mama yangu. Kuhusu siku zile siandiki zaidi. Nimejaribu, na kila ninachoandika kinakuwa kikubwa kuliko ilivyokuwa, au kidogo.

Baada ya mazishi kaka yangu mkubwa aliniita pembeni, kwenye zizi.

"Mura," aliniambia, kama mkubwa anavyomwita kijana kwa Kikurya, "baada ya mavuno tutakutana kumaliza msiba. Siku hiyo tutazungumza habari ya mtoto. Mimi naona abaki hapa nyumbani. Hapa kuna mama, kuna shemeji yako, kuna watu. Wewe mjini uko na nani? Uko na cherehani."

Kwetu mdogo habishani na mkubwa kaburi likiwa bado bichi. Na kaka hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelia kuliko mimi. Lakini nilijua maana yake. Mtoto akibaki kijijini, shule itakuwa imeisha. Atalishwa, atavikwa, atakalishwa kivulini. Na mimi nitarudi Nkende kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa kukataa uji. Nilimwomba anipe muda mpaka hayo mavuno, akanipa.

Muhula ulipoanza, mwalimu wa kitengo aliniita. Alikuwa mwanamke mtulivu aliyetoka upande wa Bukoba. Kikurya hakujua hata salamu. Alinikaribisha kwenye dawati la watoto, magoti yangu yakakataa kuingia, nikakaa upande upande.

"Baba, pole sana na msiba," alisema. "Mama yake ndiye tuliyekuwa tukikaa naye hapa. Sasa ni wewe. Kila mtoto hapa ana mpango wake peke yake, hafundishwi kwa kufuata mwenzake. Tunaandika malengo ya muhula, mimi na mzazi. Niambie, unataka mwisho wa muhula huu awe anafanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Aandike jina lake."

"Anashika kalamu?"

"Hashiki. Anaitupa."

"Anashika nini?"

Nikafikiri. Ni aibu kuulizwa mtoto wako anashika nini ukahitaji kufikiri. "Maji," nikasema. "Ukiweka maji karibu naye, basi hutamtoa hapo."

Akaandika. Nikaona anaandika, nikaongeza haraka, "Na ajue adabu."

"Adabu nitaiona wapi, baba?"

"Adabu ni adabu, mwalimu."

"Ninauliza hivi," akasema, "mgeni akiingia hapa sasa hivi, mtu huyo amwangalie binti yako, aseme, huyu ana adabu. Atakuwa ameona nini?"

Kwetu adabu ya mtoto haionekani kwa maneno. Inaonekana chakula kinapoletwa. Mtoto wa nyumba ndiye anayechukua jagi na beseni, anaanza na mkubwa kuliko wote, anawamwagia maji ya kunawa mmoja baada ya mwingine, wala mgeni hagusi ugali kabla yule mtoto hajamfikia. Nilimweleza hivyo. Nilieleza tu jinsi mambo yalivyo, sikuwa nimependekeza chochote.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Basi tumepata."

"Tumepata nini?"

"Lengo. Awamwagie watu maji ya kunawa."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika sana. Mama yake hakumbeba mgongoni kila asubuhi ili aje kufundishwa utumishi. Nilimwambia mwalimu hivyohivyo, ila kwa sauti ya chini kwa sababu watoto walikuwa wanalala kwenye mkeka nyuma yetu.

Hakuudhika. "Nimekaa naye mwaka mzima," alisema. "Siku nzima yeye ndiye anayesubiri. Anasubiri alishwe, anasubiri avalishwe, anasubiri abebwe. Nataka kila siku kuwe na dakika moja ambayo watu wazima wanamsubiri yeye."

Nikamweleza sasa habari ya kaka yangu na kikao cha baada ya mavuno, nikamwambia kwamba nilitaka jina liandikwe ili niwe na karatasi ya kuwaonyesha wazee.

"Siandiki lengo kwa ajili ya kikao," alisema. "Siku hiyo anaweza kuwa hajalifikia. Lakini tutaanza leo."

Tulianza na jagi tupu. Lilikuwa la plastiki, la kijani, na mwalimu alisema tusilibadilishe. Alikaa nyuma ya mtoto, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto, wakainamisha jagi pamoja. Mimi nilikaa mbele yao kwenye mkeka, nikinawa hewa. Mtoto alinitazama kama mtu anayemtazama mwehu kwa huruma.

"Nyumbani ufanye hivihivi," mwalimu alisema. "Leo mikono yako iwe juu ya mikono yake. Akizoea, rudi kwenye vifundo vya mikono. Akizoea tena, shika viwiko tu. Mkono wako unarudi nyuma kidogo kidogo mpaka yeye hajui uliondoka lini."

Chumba chetu kilikuwa kidogo, na tangu zamani tulikula chini, kwenye mkeka. Kila jioni nilifunga cherehani, nikaweka beseni sakafuni, nikakaa nyuma ya binti yangu. Tatizo lilikuwa tunahitaji mtu wa kunawishwa. Nikamwomba jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu anayepika chapati kwenye baraza ya duka ninaloshonea. Watu wake walikuja Tarime kutoka pwani zamani za babu zake. Alikuwa akifunga meko yake, anakuja, anavua ndala mlangoni, anakaa mkekani na kunyoosha mikono.

Kumwaga hakukuwa shida. Kuacha ndiko kulikokuwa shida. Binti yangu alimwaga mpaka tone la mwisho, akiyatazama maji yanavyoshuka, na kama ukilivuta jagi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Fundi," jirani alisema siku moja, maji yakimtiririka mpaka viwikoni, "mimi leo sikunawa, nimeoga. Bado sabuni tu."

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Nyumbani kwangu bomba halijatoa siku ya ngapi hii. Mwache anioshe."

Tulimpelekea mwalimu habari hiyo. Akasema kuacha nako ni kazi, tusikuchanganye na kumwaga. Akasema tutie maji kidogo sana, na anayenawa aseme "Basi, asante" kwa namna ileile kila siku, kisha aondoe mikono. Tukafanya hivyo. Basi, asante. Basi, asante. Mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali akaniuliza nasali sala gani.

Kuna jioni moja nilikuwa nimeshika viwiko vyake. Jirani akasema, "Basi, asante," na maji yakakatika. Nilidhani maji yamekwisha. Nikachungulia, nikakuta maji yamebaki ndani. Jirani aliangalia mikono yake, akaniangalia mimi. Binti yangu akalihamisha jagi mpaka mbele ya mahali ninapokaa nikila, akangoja. Alikuwa ananingoja mimi ninawe, nami nilikuwa nyuma yake. Ilibidi nizunguke.

Usiniulize kwa nini nililia wakati ule na si makaburini. Jirani alijifanya anatafuta ndala zake.

Mavuno yakaisha. Tulikwenda Nyambureti mimi na binti yangu, na jagi ndani ya mfuko wa nguo. Mwalimu alikuwa amesema, "Nenda nalo. Akikataa, kubali amekataa. Usimlazimishe mbele ya watu."

Watu walikuwa wengi kiasi, wa ukoo. Alikuwapo baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, mzee ambaye ulimi wake hauna mlango. Mbuzi alichinjwa, kichuri, kile kitoweo chetu kichungu cha matumbo, kikapikwa, ugali wa mtama na muhogo ukasongwa. Wanaume walikaa sebuleni kwenye viti na vigoda vilivyopangwa kuzunguka ukuta, kila mtu kwa umri wake. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa mlango wa jikoni, mama yangu akiwa mbele yao. Ndivyo tunavyokaa siku zote, na kwa kuwa ndivyo tunavyokaa siku zote, sikuona kitu.

Shemeji alipotokea na jagi, nikasimama. "Shemeji, mpe huyu. Ana jagi lake."

Kaka akaniangalia. "Mura, leo kuna wazee hapa."

"Naomba ajaribu."

Nikamtilia maji kidogo, nikaweka beseni mbele ya baba mkubwa, nikarudi nyuma kama nilivyofundishwa. Binti yangu akalishika jagi kwa mikono miwili. Akaenda mbele ya baba mkubwa, akakaa chini kama alivyozoea. Mbele ya macho yake yalikuwa magoti ya mzee na fimbo. Mikono ya mzee ilikuwa imenyooshwa juu huko, juu ya kichwa cha mtoto. Akatazama magoti. Akatazama beseni. Kisha akainuka, akampita. Akampita na anayefuata, na kaka yangu, akapita safu nzima ya wanaume wenye mikono iliyonyooshwa, akaenda moja kwa moja mpaka mikekani, akakaa mbele ya mama yangu.

Mama yangu alinyoosha mikono bila kufikiri. Maji yakashuka sakafuni, maana beseni lilikuwa limebaki kwa wazee. Nikakimbia nalo.

"Sema basi, asante," nikamnong'oneza mama.

"Basi, asante," akasema mama, na maji yakakatika. Wanawake wakaona. Aliyefuata akanawa, akasema basi, asante. Aliyefuata naye. Wakaanza kuitikia wote kwa pamoja, kwa furaha, kama kwaya, nami nikienda nyuma nikiongeza maji.

Upande wa viti mikono ilikuwa bado imenyooshwa. Ugali ulikuwa unatoa mvuke wake wa mwisho.

"Haya," akasema baba mkubwa, "nimeishi mpaka kula baada ya wanawake."

Vijana wakacheka. Kaka hakucheka. Alisimama akaja kumchukua mtoto jagi, kwa upole tu, lakini binti yangu akaling'ang'ania, akapiga ile kelele, na maji yakamwagika kwenye kanzu ya mjomba mmoja. "Unaona?" kaka aliniambia kwa sauti ya chini. "Unaona ninachosema? Mtoto hajui mkubwa ni nani."

Na ni hapo nilipoelewa. Nilitazama viti, nikatazama mikeka, nikaona kosa lote likiwa limekaa wazi mbele yangu. Mwalimu hakujua kwetu wazee hukaa wapi. Mimi nilijua, na sikumwambia, kwa sababu nani anaeleza kwamba mzee anakaa kwenye kiti?

"Kaka, kosa si lake," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Sisi tumemfundisha kwenye mkeka. Anamnawisha mtu aliyekaa chini. Viti hajafundishwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kaa chini."

Nadhani sijawahi kumwambia kaka yangu afanye jambo lolote tangu nizaliwe. Alinikazia macho. Sikuyakwepa macho yake.

"Mimi njaa inaniuma," alisema baba mkubwa nyuma yake. "Nishikeni." Vijana wawili wakamshika makwapa, akateremka polepole, huku akilaani goti moja kwa Kikurya kisha lingine, mpaka akatua mkekani. "Haya, mke wangu," akamwambia binti yangu, maana kwetu babu humtania mjukuu hivyo, "njoo unioshe na mimi. Usinipite tena, nitakupa talaka."

Binti yangu akanyamaza. Akamtazama mzee aliyeshuka mpaka usawa wa uso wake. Akaenda. Akammwagia. "Basi, asante," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayesema amina.

Wanaume wakaanza kushuka kwenye viti mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine wakivuta suruali zisichafuke. Kaka alikuwa wa mwisho. Alichuchumaa tu, hakukaa. Alinyoosha mikono, akanawa, akaiondoa. Maneno yale hakuyasema, sijui kwa kiburi au kwa kusahau, nami sikuwahi kumuuliza.

Na maji yakakatika.

Nyumbani kwetu Nkende binti yangu hakuwahi kuacha bila kuambiwa. Kaka akabaki amechuchumaa, mikono ikidondosha matone, akiangalia ule mdomo wa jagi.

Baada ya chakula tulikaa kikao. Kaka alieleza mawazo yake vizuri, bila kumsingizia mtu: kwamba mimi niko peke yangu, kwamba nikiugua mtoto atabaki na nani, kwamba ukoo upo kwa ajili ya mambo kama haya. Yote yalikuwa ya kweli. Niliulizwa mimi, nikasema ninamtaka mtoto wangu abaki shuleni, na kwamba sina jibu la swali la nikiugua. Mpaka leo ninapoandika sinalo.

Mama yangu ndiye aliyesema mwisho, kutoka mkekani, akiwa ameangalia chini.

"Hapa tungempenda," alisema. "Tungempa maziwa, tungemwogesha, tungemlaza. Lakini leo nani kati yetu angempa jagi? Mimi nisingempa. Ningesema ataliangusha." Akainua macho. "Arudi na baba yake. Likizo amlete."

Kaka alikubali kwa kichwa. Hakufurahi, ila hakubisha. Asubuhi alitusindikiza mpaka barabarani, akamnyanyua binti yangu akampakia kwenye bodaboda mbele yangu, akamfunga khanga ya mama yetu ili asipigwe na upepo. Akamwambia dereva aende taratibu, akamwambia mara ya pili, mpaka dereva akasema, "Mzee, nimesikia, hata mimi nina watoto."

Njiani nilifurahi, na katikati ya furaha woga ukanipata. Mpaka siku ile nilikuwa nampigania mtoto asichukuliwe. Sasa hakuna aliyekuwa anamchukua. Alikuwa wangu, siku zote zilizobaki, bila mama yake, na mimi sikuwa najua hata sauti zake zote.

Muhula uliofuata nilikaa tena upande upande kwenye lile dawati. Nilimsimulia mwalimu habari ya viti, akajishika mdomo, akacheka mpaka machozi, kisha akasema, "Nisamehe, baba, ningepaswa kuuliza." Nikamwambia hata mimi. Viti tukaviandika mara moja, havikuwa na mjadala.

"Na lingine?" aliuliza. "Safari hii wewe mwenyewe unataka nini?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba akitaka kitu hupiga kelele akiangalia mlango. Haangalii kwangu. Anaangalia mlango, kama vile atakayemsaidia ataingia kutokea huko. Na mimi niko palepale karibu yake, na sindano mkononi.

"Nataka awe ananigeukia mimi," nikasema. "Si lazima aseme. Anishike tu mkono, nijue ni mimi anayenihitaji."

"Utaweza kuwa unaacha kushona kila akikushika? Kila mara, hata ukiwa na kazi ya mtu? Akikushika ukakawia, atarudi kwenye mlango."

Nilifikiria sare za shule zilizokuwa zinaningoja na wenye nazo wakija kunifokea. Nikasema nitaweza. Akaandika, akanisomea, nikaweka sahihi yangu chini. Kisha nikaenda kumchukua binti yangu kwenye mkeka alipokuwa amelala. Nikakaa chini karibu naye, nikanyoosha mkono wangu mahali ambapo akiamka ataufikia, nikangoja.